Kilomita 84 kutoka Tanga hadi Pemba

Simu ililia alfajiri, adhana haijamalizika. Mama aliitazama ikitetemeka juu ya kiti cha plastiki wala hakunyoosha mkono. Alishajua. Nikaipokea mimi.

"Mjomba," ndivyo anavyoniita kaka yake mama, nami humwita hivyo hivyo, "bibi yako ametangulia. Mwambie mama yako taratibu." Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia watu wanasoma. Kisha akauliza, "Mtafika saa ngapi? Tumngoje asikoshwe, au tuendelee?"

"Tunapanda ndege ya saa nne," nikamjibu. "Angani ni dakika 20 tu. Saa tano na nusu tuko Wete. Mngojeni mama."

Hiyo ilikuwa Aprili 2017, na Wete, kaskazini mwa Pemba, ndiko kwao mama. Ile "saa tano na nusu" bado ninayo moyoni, na ndiyo iliyonifanya niandike haya, maana najua wapo wengi wa Tanga wenye mzazi Pemba, na wa Pemba wenye mtoto Tanga, ambao siku moja wataulizwa swali lile lile kwenye simu.

Sikujibu ovyo. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na umbali ule nilikuwa nimeupiga ubaoni wiki mbili tu kabla, mbele ya kidato cha tatu. Uwanja wa ndege wa Tanga uko pembeni mwa mji, ukishika barabara ya kwenda Segera. Uwanja wa Pemba uko karibu na Chake Chake. Ukichukua mahali vilipo kwenye ramani mpaka sekunde, tofauti yao ya latitudo ni karibu dakika 10 (dakika za ramani, 60 kwa kila digrii, si za saa), na ya longitudo ni dakika 44 na ushei. Hapa kwetu karibu na ikweta dakika ya longitudo inakaribia sana kulingana na dakika ya latitudo, na dakika ya latitudo ndiyo maili moja ya baharini, mita 1,852. Hesabu inakuwa nyepesi, ile ya pembetatu ya Pythagoras: 10 mara 10 ni 100, 44 mara 44 ni 1,936, jumla 2,036, na kipeuo chake cha pili ni 45. Maili 45 za baharini ni kilomita 84 hivi. Ndege ndogo ya injini moja, zile Caravan za abiria 12 au 13, ikienda noti 160, yaani maili 160 za baharini kwa saa, inazimaliza kwa dakika 17. Ongeza za kupanda na kushuka, unapata 20 na kitu.

Wanafunzi walifurahi siku ile. Pemba, ambako wengi wao wana ndugu, kumbe ni karibu kuliko Korogwe ukihesabu kwa dakika! Nami nilifurahi pamoja nao. Hesabu ilikuwa sahihi na hata leo ni sahihi.

Tulifika uwanjani saa mbili na nusu. Anga la Tanga lilikuwa jeupe, jua linachoma mpaka lami inameremeta. Mama alikaa kwenye benchi na tasbihi yake, kanga mbili, na mkoba mdogo wenye sanda aliyokuwa ameiweka miaka mingi kwa ajili ya mama yake, ambayo kila mtu alishamwambia kwamba kule ipo nyingine. Saa nne ikafika, hakuna ndege. Saa nne na nusu nikamwendea karani.

"Ndege bado iko Zanzibar, mwalimu. Mvua imefunga."

Nikatazama nje, jua lile. Mvua ya Zanzibar inatuhusu nini sisi tunaokwenda Pemba? Nakumbuka nilimuuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayeonewa. Dada wa watu akanijibu kwa upole tu, "Ndiyo ndege yetu hiyo hiyo."

Saa tano na nusu mjomba akapiga, nikamwambia bado kidogo. Saa sita akapiga tena, nikamwambia bado kidogo. Mara ya tatu alipiga saa sita na nusu, na safari hii hakuuliza. "Mjomba, maiti ni amana. Watu wamekuja kutoka Konde, kutoka Micheweni, wako juani. Mwambie dada yangu aniwie radhi. Tunaendelea."

Ndege ilitua Tanga saa saba na nusu. Angani tulikaa dakika 22, nilizihesabu kwa saa ya mkononi, na baharini kulikuwa shwari kabisa. Kutoka uwanja wa Pemba mpaka Wete tukaweka tena saa nzima na zaidi, maana gari la kwanza lilitufikisha Chake tu. Tulipoingia uani saa tisa imeshapita. Kitanda cha kukoshea kilikuwa kimeegemezwa ukutani kwenye kivuli, kamba zake bado zimelowa, na harufu ya karafuu maiti imejaa hewani. Mama alikwenda pale akazishika zile kamba. Hakulia kwa sauti. Alizishika moja moja, kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

Usiku ndipo aliponiambia, tena bila ukali. "Ungewaambia tangu asubuhi wasiningoje. Ningejua nimekosa, nikakaa na lile. Kuliko kungoja kila dakika."

Hilo ndilo lililonifunza kutofautisha umbali na njia. Nilikuwa nafundisha umbali miaka tisa. Njia sikuwahi kuifundisha.

Siku ya kurudi Tanga nilimtafuta yule karani. Hakukuwa na watu, akageuza karatasi ya mizigo akanichorea kwa kalamu. Ndege ile inalala Dar es Salaam. Asubuhi inakwenda Zanzibar, kisha Pemba, kisha Tanga, halafu inageuza kwa njia ile ile. Tanga ndiyo ncha ya mkia. Nikaichukua ile karatasi nyumbani nikaipigia hesabu: Dar hadi Zanzibar kilomita 73, Zanzibar hadi Pemba 125, Pemba hadi Tanga 84. Jumla 282. Yaani kabla ndege haijagusa ardhi ya Tanga kuja kutuchukua, imeshakwenda kilomita 282 na kusimama vituo viwili, na kila kituo kina mvua yake, mzigo wake, mzee wake anayepandishwa polepole, na mtalii wake aliyesahau begi. Safari yangu mimi niliidhani inaanzia kwenye benchi pale Tanga. Ilikuwa imeanza alfajiri Dar es Salaam, na urefu wake haukuwa 84, ulikuwa 366.

Tangu siku hiyo, nikitaka kujua ndege itafika lini, siangalii anga la Tanga. Nampigia mtu Zanzibar nimuulize kama kumekucha vizuri. Mwezi wa nne na wa tano, masika yakiwa yamekolea, huko kunaweza kufunga asubuhi nzima huku kwetu watu wanaanika nguo.

Na siku ambayo ndege haina safari ya Tanga kabisa, mtu anayeshikilia kwenda kwa ndege inabidi azunguke: Tanga hadi Dar kilomita 199 za angani, Dar hadi Zanzibar 73, Zanzibar hadi Pemba 125. Kilomita 397 kufika mahali palipo umbali wa 84. Karibu mara tano. Wengi huenda Dar kwa basi, wakavuka kwa boti hadi Unguja, kisha wakatafuta usafiri mwingine wa Pemba, na hapo mtu anahesabu siku mbili. Nawajua watu waliokosa harusi za watoto wao hivyo.

Kuna watakaouliza kwa nini tusipande vyombo vya baharini moja kwa moja. Ni swali la haki. Bandari ya Wete iko karibu sawasawa mashariki mwa Tanga, latitudo yao inapishana kwa dakika chache tu, na kwa mstari ulionyooka ni kilomita 70 hivi. Karibu zaidi kuliko hata uwanja wa ndege. Kwa maana nyingine, mtu wa Wete akipanda ndege anapelekwa kusini, anashushwa ng'ambo ya Chake Chake, halafu anarudishwa kaskazini kwa barabara, na Chake hadi Wete peke yake ni kama kilomita 30. Chombo kikiondoka Tanga kinakuja kutia nanga mlangoni kwake. Babu zetu walikwenda hivyo maisha yao yote.

Mama aliacha bahari mwaka 2011. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba mwaka ule, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa watu wanaorudi makwao. Pemba hakuna mtaa usiokuwa na jina lake katika msiba ule. Wa mama alikuwa rafiki aliyechezea naye utotoni na watoto wawili wa yule rafiki. Tangu hapo, ukimtajia chombo, anainuka anaingia ndani. Sikuwahi kumbishia, na sitambishia.

Mjomba ni mtu wa bahari. Alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, akichukua ng'ombe na vitunguu Tanga kwenda Wete. Usiku wa tatu wa matanga, wageni wamepungua, tulikaa barazani nikamwomba radhi kwa ile saa tano na nusu. Hakutaka kuisikia. Alitaka kujua nimeitoa wapi. Nikamweleza: ramani, dakika, 45, 84. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye shavu.

"Sasa wewe ukiwa Tanga, Wete iko wapi?"

"Mashariki, mjomba. Mashariki kabisa."

"Ukiishika mashariki wakati wa kusi, utafika Wete?"

Sikujibu.

"Hufiki. Utakwenda Ngezi, au utaipita Pemba yote uione iko nyuma ya bega la kulia. Yale maji hayakai. Yanakwenda kaskazini usiku na mchana, na kusi ikivuma yanakwenda mbio. Mimi nikitoka Tanga nikienda Wete, pua ya chombo naitazamisha Mkoani. Wageni wakiona dira wanapiga kelele, nahodha umepotea! Nawaambia kaeni. Chombo kinatazama Mkoani, kinakwenda Wete."

Kwa asiyejua kisiwa: Mkoani iko kusini, Wete kaskazini, baina yao ni nusu ya kisiwa na zaidi. Mtu akilenga mbali kiasi hicho na mahali anapokwenda, anajua anachofanya.

Baadaye nilisoma na kukuta kila neno lake limesimama. Unguja na Mafia zimekaa juu ya kingo ya bara, maji kati yake na pwani si marefu. Pemba sivyo. Mkondo wa Pemba unashuka hadi mita 800 hivi, na ndimo wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimtoa silikanti, samaki yule ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria. Mwaka 2009 kukaundwa hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake. Na maji ya pwani yetu yanakwenda kaskazini kweli, yakikaza zaidi miezi ya kusi. Mjomba hana cheti hata kimoja. Ana makovu ya kamba viganjani na hesabu yote iko kichwani.

Arobaini ya bibi tulirudi, na mara hiyo ndipo nilipoiona njia kwa macho yangu. Mama alikuwa ametaka kupeleka machungwa ya Muheza kwa ajili ya wageni wa hitima. Kiroba kizima. Kwenye mizani mkoba wake na kiroba vikasoma kilo 31, na mwisho ni 15 kwa mtu. Karani, yule yule, akaniita pembeni. Ndege ndogo inapimwa yote, akaniambia, watu, mafuta na mizigo, na kilo 16 za machungwa zikipakiwa huenda zikamwacha mtu. "Nani ashuke, mwalimu?" Tukafungua kiroba pale pale sakafuni. Mama akachagua machungwa aliyoona yana ngozi nyororo, akayafunga kwenye kanga, yaliyobaki akawagawia wafagizi, wapagazi na askari wa getini. Uwanja mzima ulinuka chungwa. Nilivyokuwa mwepesi wa mzigo, nikawekwa kiti cha mbele, kando ya rubani.

Tuliondoka kukiwa na kusi. Bandari ikapita kushoto, na Raskazone, na kile kisiwa cha Toten katikati ya ghuba kama kofia iliyoelea. Chini yetu kisiwa cha Yambe. Kisha kijani cha mikoko kikaisha ghafla, maji yakageuka kutoka rangi ya chupa hadi rangi ya wino, nikajua tumeshaingia kwenye kina cha mjomba.

Kwenye kioo kidogo mbele ya rubani kulikuwa na mstari mmoja mwembamba kutoka Tanga hadi Pemba, na tarakimu za maili zilizobaki zinashuka: 33, 32, 31. Ndege, ile picha yake ndogo, ilikuwa juu ya mstari barabara. Lakini nilipoinua macho nikatazama pua ya ndege yenyewe, haikuwa inatazama ninakokujua kuwa Chake Chake. Ilikuwa imegeukia kusini, tena kwa kiasi cha kuonekana. Nilimwonyesha rubani kwa kidole. Akaelewa swali langu kabla sijalitamka, akasogeza kipaza sauti.

"Upepo huo, mzee wangu. Unatusukuma kaskazini. Nikielekeza pua uwanjani, siufiki."

Nusura nicheke na kulia kwa pamoja. Ni maneno ya barazani, neno kwa neno! Nikapiga hesabu kichwani: upepo wa noti 20 ukikukata ubavuni na wewe unakwenda noti 160, lazima ugeuze pua karibu digrii 7. Kwa jahazi linalokwenda noti tano au sita, na maji yenyewe yanakwenda noti mbili au tatu, digrii 7 si kitu. Ndiyo maana yeye alilenga nusu ya kisiwa. Hesabu ni moja.

Rubani alipoona napenda, akaendelea. Kwenda mashariki tulikuwa futi 5,500. Kurudi magharibi, akasema, atakaa 4,500 au 6,500. Wanaokwenda mashariki wana ghorofa zao na wanaokwenda magharibi wana zao, wasikutane uso kwa uso. Njia moja, lakini kwenda na kurudi si mahali pamoja angani. Na upepo ule wa kusi, uliokuwa unatuchelewesha kidogo kwa kutupinga mbele, ungewapa dakika mbili tatu za bure wanaorudi. Kwa hiyo Tanga kwenda Pemba si sawa na Pemba kwenda Tanga, ingawa 84 ni 84.

Misali ikapita kulia, kijisiwa kilichozungukwa na mkanda mweupe wa mchanga, halafu Pemba yenyewe ikainuka. Nani amewahi kuiona kutoka juu asiiite ya kijani? Wasafiri Waarabu wa zamani waliiita hivyo hivyo, kisiwa cha kijani, na walikuwa wanaiona kutoka chomboni tu. Vilima vimekunjamana kama shuka, mikarafuu kwenye mabega yake, mpunga mabondeni, bahari ikiingia ndani kwa vidole virefu. Kwenye kioo zilibaki maili 3. Nikafunga mkanda vizuri. Tarakimu zikashuka hadi 1, kisha zikaanza kupanda tena. 2. 3. 4.

Tumeupita uwanja. Nikageuka kumtazama mama nyuma, naye macho amefumba, tasbihi inakwenda.

Tulikuwa tunaufuata upepo. Njia ya kurukia ya Pemba imelazwa kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, na ndege hutua ikiukabili upepo. Ukija kutoka Tanga wakati wa kusi huwezi kuiingia hivi hivi kama mtu anayeingia kwake. Unazunguka kaskazini, unageuka, ndipo unashuka ukitazama kusini. Wakati wa kaskazi kinyume chake. Dakika nne, tano. Ramani haina mahali pa kuziandika.

Siku hizi somo langu la umbali limebadilika. Wanafunzi bado wanapiga hesabu ile, bado wanapata 84, nami nawapa alama zao zote. Kisha nawauliza: ndege imetoka wapi kabla ya kuja kwenu? Ni mwezi gani, upepo unatoka wapi? Ukishashuka, unakwenda nyumba ipi, kwa gari gani? Waliozoea bahari, watoto wa Sahare na Chongoleani, hunyoosha mikono kwanza. Kuna kijana mmoja ambaye hesabu zilikuwa zinamshinda kabisa. Siku ya somo hilo alisimama akaeleza namna baba yake anavyolenga juu ya mkondo akivuka kwenda kutega, na darasa zima likanyamaza kumsikiliza.

Na watu wanaponiuliza kwa simu, ndugu, jamaa, hata wazazi wa wanafunzi, "Mwalimu, Pemba ni muda gani kwa ndege?", siwapi dakika 20. Nawaambia siku. Nawaambia kama ni harusi, nenda juzi yake. Kama ni msiba, waambie waliopo wazike, uende kwa ajili ya walio hai. Ni gumu kulisema, na mara mbili nimesikia mtu akilia upande wa pili. Lakini sitamwekea tena mtu saa ambayo imeshikwa na mvua ya mahali ambapo sipaoni.

Mama amekwenda mara tano tangu hapo. Amejifunza kuacha machungwa, anabeba kilo moja tu ya kahawa ya kaka yake na dawa zake mwenyewe. Akirudi anakuja na halua ya Wete imefungwa kwenye kikapu cha ukindu, na hiyo hakuna mizani iliyowahi kumzuia nayo. Akiwa njiani hapigi simu. Sisi pia hatumpigii. Ikifika jioni anatuma ujumbe wa neno moja: "Nimefika."

Mara ya mwisho nilikwenda naye, Agosti iliyopita. Mjomba haoni vizuri sasa, jicho la kushoto limefunga utando, lakini alikuwa amekaa barazani pale pale. Nikampa mkono, shikamoo, marahaba, akanivuta nikae karibu. Hakuuliza habari za Tanga wala za kazini.

"Leo pua ilitazama wapi?"

"Ilielemea Mkoani, mjomba. Kidogo tu, si kama yako."

Akatikisa kichwa taratibu, akaridhika, akamwita mjukuu alete kahawa.